Jenga Uwanja wa Boche kwa Udongo wa Kichuguu

Ukitaka kujenga uwanja wa boche nyuma ya nyumba yako hapa Ihembe, usianze na saruji. Anza kwa kutembea. Zunguka kibanja chako, toka hadi rweya penye nyasi, utazame vichuguu. Tabaka la juu la uwanja wako liko humo, na mchwa wameshafanya sehemu ngumu ya kazi. Wamepandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini ardhini, punje kwa punje, wakaugandanisha kwa mate hadi ukawa mgumu kiasi kwamba sululu hudunda. Australia na kusini mwa Afrika watu wamejenga viwanja vya tenisi kwa udongo huohuo kwa miaka mingi. Kwetu tumezoea kuufyatulia matofali na kusakafia nyumba. Unafaa pia kuchezea.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo huu, boche unachezwa na pande mbili, kila upande ukiwa na mipira minne mizito. Kwanza hurushwa mpira mmoja mdogo, kisha kila upande huviringisha mipira yake ili isimame karibu na huo mdogo kuliko ya wapinzani. Hakuna kukimbia, hakuna kugongana. Anayehitajika ni mtu mwenye jicho, mkono mtulivu na akili ya kupima mteremko. Ndiyo maana bibi wa miaka sabini anaweza kumshinda mjukuu wake anayechezea timu ya kata, tena kwa haki kabisa.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kutamani mchezo huu uingie kwenye vijiji vyetu. Kijiji kikiwa na kiwanja, ni cha mpira wa miguu, na pengine nguzo za pete shuleni. Wazee hukaa pembeni. Mwenye mguu mbovu hukaa pembeni. Mtoto mwenye ulemavu wa akili mara nyingi hata pembeni haletwi. Boche ni miongoni mwa michezo rasmi ya Special Olympics, shirika la michezo ya watu wenye ulemavu wa akili lililoanza mwaka 1968 na ambalo lina tawi hapa Tanzania. Kwenye mashindano yake kuna timu za mseto, ambamo mchezaji mwenye ulemavu na asiye nao hucheza upande mmoja. Bocha, ndugu wa boche unaochezwa kwa mipira laini ya ngozi, umekuwa kwenye Michezo ya Paralimpiki tangu 1984, na wachezaji wake wengi hucheza wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Petanki, ndugu mwingine kutoka Ufaransa, nayo husimuliwa kuwa ilizaliwa mji wa La Ciotat mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya mchezaji mmoja, Jules Le Noir, ambaye baridi yabisi ilimzuia kukimbia kabla ya kurusha. Wenzake wakakubali warushe wakiwa wamesimama mahali pamoja. Leo petanki inapendwa sana Madagaska, na nchi hiyo imetwaa ubingwa wa dunia kwa wanaume mwaka 1999 na tena 2016. Basi tusiseme ni michezo ya Wazungu.

Sasa kazi yenyewe.

Uwanja wa mashindano ya kimataifa hufika urefu wa mita 27.5 na upana wa mita 4. Wa Special Olympics ni mfupi, mita 18.29 kwa 3.66, na huu ndio ninaoushauri kwa nyumbani. Kata desimali, chukua mita 18 kwa 3.6. Ukikosa nafasi hiyo, mita 15 kwa 3 zinatosha kwa familia. Usikate migomba inayozaa ili upate uwanja. Afadhali uwe mfupi.

Laza uwanja kaskazini na kusini. Tuko karibu sana na Ikweta, jua la saa kumi na moja jioni linapiga moja kwa moja kutoka magharibi, na muda huo ndio watu wametoka shambani wanataka kucheza. Uwanja ukilala mashariki na magharibi, nusu ya wachezaji watarusha wakiwa wamefumba macho. Lakini vilima vyetu havimuulizi mtu. Mteremko wa kwako ukiwa mkali, fuata kontua kwanza, jua lifuate baadaye, kwa sababu kuchimba kilima kwa ajili ya jua ni kujitafutia mmomonyoko.

Kaa mbali na mikaratusi. Mizizi yake itanyanyua sakafu, na magome na majani yake yatakufanya ufagie kila siku. Mparachichi wenye kivuli kizuri unavutia, ila parachichi likiiva na kuanguka uwanjani huacha mafuta na kuvutia mbuzi. Mgrevilea uliosimama mita nne au tano pembeni unatosha kwa kivuli. Uache pia nafasi kati ya uwanja na mpaka wa miti ya milamula. Jirani hatakukataza kucheza, ila maji ya uwanja wako yakianza kuingia kwenye kibanja chake, mtaitana kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Na hapo kwenye maji ndipo viwanja vingi hufia. Nimeona watu wakihangaika na mbao nzuri na mistari iliyonyooka, kisha mvua moja ya Aprili inageuza kila kitu tope. Uwanja wa udongo hauharibiwi na mvua inayouangukia tu. Unaharibiwa na maji yanayotoka juu ya kilima na kuupitia, na maji yanayobaki chini yake bila pa kwenda. Kwa hiyo kabla ya kuchimba uwanja, chimba mtaro upande wa juu, kina cha sentimita 30 na zaidi, uzunguke pembe zote mbili na kumwaga maji kwenye migomba yako mwenyewe. Migomba itakushukuru, na uwanja utabaki mkavu.

Jenga kiangazi, kati ya Juni na Agosti. Najua huo ndio wakati wa kahawa, na vibarua ni wa kugombania. Lakini ukisubiri hadi Septemba vuli itakukuta shimo likiwa wazi. Kiangazi kifupi cha Januari na Februari kinaweza kukufaa ikiwa mawe na udongo vimeshakusanywa mapema.

Piga vigingi vinne, funga kamba. Ili pembe ziwe za mraba, pima mita 3 upande mmoja wa kona na mita 4 upande wa pili. Kati ya ncha hizo mbili lazima zipatikane mita 5 kamili. Ukimaliza kona zote, pima kutoka kona hadi kona ya mshazari, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, uwanja umenyooka. Kwa usawa, usitegemee pimamaji fupi ya fundi, kwani kosa dogo kwenye mita moja linakuwa kubwa kwenye kumi na nane. Tumia mpira wa maji, ule wa plastiki unaoonyesha ndani. Ujaze maji, toa mapovu yote, mmoja ashike ncha huku na mwingine kule. Maji yakitulia, hapo ndipo usawa ulipo kwenye vigingi vyote viwili, na hakuna kifaa cha bei kitakachokupa jibu bora kuliko hilo.

Ondoa udongo mweusi wa juu wote, pamoja na mizizi ya nyasi. Huo ni mboji. Usiutupe, upeleke kwenye migomba. Chimba sentimita 15 hivi upande wa juu. Tabaka zako zikiwa na unene wa sentimita 21, sakafu itainuka kidogo kuliko ardhi inayoizunguka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Upande wa chini huenda ukahitaji kujaza. Jaza kwa tabaka za sentimita 10, nyunyizia maji kidogo, shindilia, ndipo uongeze. Anayemwaga udongo wote kwa mara moja na kushindilia juu ataona uwanja ukititia upande mmoja kabla ya Krismasi.

Tabaka la kwanza ni mawe yaliyopondwa, sentimita 10. Mawe ya kwetu mlimani yanafaa, yapondwe yawe kama saizi ya limau. Kwa uwanja wa mita 18 kwa 3.6, ambao ni kama mita za mraba 65, utahitaji mita za ujazo 6.5. Juu yake weka moramu, sentimita 7, yaani mita za ujazo 4.5. Moramu inaziba mapengo ya mawe. Shindilia kila tabaka hadi kisigino kisiache alama.

Huhitaji kukodi mashine. Chukua ndoo kuukuu ya rangi ya lita 20, simamisha bomba la chuma katikati, jaza zege hadi karibu nusu, acha siku kadhaa likauke. Hilo ni shindilio. Kwa kumalizia tafuta pipa la lita 200, lipitishie chuma katikati kiwe mhimili, ulijaze maji. Maji ya lita 200 ni kilo 200, na watu wawili wanalivuta bila shida kwenye ardhi iliyo sawa. Kazi ikiisha, maji unamwagilia kahawa.

Sasa tunarudi kwa kichuguu, na hapa nakuomba usiwe na haraka, maana tabaka hili la sentimita 4 ndilo mpira utakalogusa.

Chagua kichuguu kilichohamwa na mchwa. Kilicho hai kitakuletea mchwa nyumbani, na watakula mbao zako. Halafu kichuguu kinachotoa kumbikumbi kila msimu mara nyingi kina mwenyewe, hata kama kipo rweyani. Uliza kabla ya kunyanyua sululu. Kichuguu cha zamani pia ni makazi ya nyoka. Kibomoe mchana, ukiwa na mabuti, ukianzia juu na kushuka polepole, na watoto wakae mbali.

Ponda mabonge, anika siku moja au mbili, chekecha kwa wavu mwembamba. Kinachopita kiwe laini kama unga wa muhogo. Udongo huo peke yake utapasuka ukikauka, kwa kuwa mfinyanzi ni mwingi, kwa hiyo unahitaji mchanga. Kiasi gani? Kila kichuguu kina jibu lake, na jibu linapatikana kwa kujaribu. Tengeneza vigae vitatu vya ukubwa wa daftari. Cha kwanza kiwe ndoo tatu za kichuguu kwa moja ya mchanga, kwa uwiano huo hata kama unapima kwa kikombe. Cha pili kiwe mbili kwa moja. Cha tatu nusu kwa nusu. Viache kivulini hadi vikauke kabisa. Kinachopasuka kinataka mchanga zaidi. Kinachoacha vumbi mkononi ukikisugua kimezidishiwa mchanga. Chagua kilichokaa kizima na kigumu. Kwa tabaka zima utahitaji takriban mita za ujazo 3.5 za mchanganyiko uliolegea, kwa sababu ukishindiliwa unapungua. Hizo ni ndoo 175 za lita 20. Ukiangukia kwenye tatu kwa moja, kichuguu ni ndoo 131 na mchanga 44.

Changanya ukiwa mkavu, mara mbili au tatu kwa beleshi, ndipo unyunyizie maji kwa kopo lenye matundu. Maji yakizidi, shindilio litanata. Yakipungua, udongo hautashikana. Fundi wa matofali ya kushindilia anajua kipimo chake na wewe kitumie. Kamata udongo mkononi, ufinye uwe donge, unyooshe mkono usawa wa bega na uliachie lianguke kwenye ardhi ngumu. Likivunjika vipande vinne au vitano, maji yametosha. Likisambaratika kuwa unga, ongeza. Likilala chini kama lilivyo, acha udongo upigwe upepo.

Mwaga tabaka hilo kwa mara mbili, sentimita 2 kila mara zikishashindiliwa. Burura ubao ulionyooka wa mita 3 kutoka upande mmoja hadi mwingine, jaza mashimo, toa nundu. Hapa uache mteremko mdogo wa upana, sentimita 2 kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, ili mvua isituame. Kwa urefu uwe sawa kabisa. Kisha vuta pipa asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, ukinyunyizia maji kidogo na kuufunika kwa majani ya migomba mchana ili usikauke kwa pupa. Ukikauka haraka utapasuka hata kama mchanganyiko ulikuwa sahihi.

Kuna watakaokuambia umwage zege umalize. Usikubali. Mpira kwenye zege hudunda na kukimbia hadi mwisho, hakuna tena ufundi wa kuusimamisha. Zege likipasuka huwezi kulirekebisha kwa ndoo moja ya udongo. Na bei ya mifuko hiyo ya saruji ni ada ya mtoto.

Kingo za pembeni ziwe na kimo cha sentimita 20. Mbao za mkaratusi zilizokauka zinafaa, zikigongomewa kwenye vigingi kila baada ya mita moja na nusu. Hofu ni mchwa. Wengi hupaka oili chafu; mimi siipendi karibu na migomba na kahawa, kwa kuwa inaingia ardhini. Tofali za kuchoma zilizosimamishwa kwa udongo au saruji kidogo zinadumu zaidi, na katika ukingo wa chini acha matundu kila mita mbili maji yapite. Ncha mbili za uwanja ziinuliwe hadi sentimita 30 au 40, na huko weka gogo au ubao, kisha tundika mbele yake ukanda wa tairi kuukuu. Mpira ukigonga tofali tupu utachubuka, na tofali nalo litameguka.

Mistari unaweza kuchora kwa chokaa. Kamba ya katani iliyovutwa ikashikizwa kwa misumari mirefu haifutiki na mvua. Weka mstari mmoja mita 3 kutoka kila ncha, na mmoja katikati.

Mipira halisi ya boche ina kipenyo cha milimita 107 na uzito wa gramu 920 hivi. Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka nje, muagize seti moja ya mipira minane na mdogo wake. La sivyo, tafuta seremala mwenye mashine ya kukereza akukerezee ya mti mgumu uliokauka vizuri. Ya mti itakuwa nyepesi, kiasi cha nusu kilo, na hilo halina shida mradi yote minane iwe na ukubwa mmoja na uzito mmoja. Ipime kwenye mizani ya dukani. Minne ipakwe rangi moja na minne nyingine. Nakushauri usitengeneze ya saruji, inamomonyoka ikigongana, na ikimwangukia mtoto mguuni utajuta. Kwa mtoto mdogo sana au mtu ambaye vidole havishiki vizuri, shona mipira ya kitambaa kizito ujaze maharage. Hiyo haiviringiki mbali, ila inatulia pale inapotua, na inatosha kuwaingiza mchezoni.

Kanuni ni chache. Mpira mdogo urushwe uvuke mstari wa katikati na usifike mstari wa mita 3 wa upande wa pili. Aliyerusha mdogo anaanza. Kisha upande ambao mpira wake uko mbali zaidi ndio unaoendelea kurusha, hadi uwe karibu au mipira yake iishe. Ruhusa ipo ya kugonga mpira wa mpinzani na kuuondoa, hata kusogeza ule mdogo. Mpira uliogonga ukuta wa mwisho bila kugusa mwingine hauhesabiwi. Ikiisha yote minane, upande wenye mpira wa karibu unapata pointi moja kwa kila mpira ulio karibu kuliko mpira bora wa wapinzani. Anayefika 12 ameshinda. Weka fito au kamba ya kupimia karibu na uwanja, maana ubishi wa sentimita moja hauishi kwa macho.

Utunzaji ni mdogo lakini hauahirishwi. Fagia kwa ufagio laini, nyunyizia maji kabla ya kucheza wakati wa kiangazi ili vumbi litulie, vuta pipa mara moja kwa wiki. Usicheze ukiwa umelowa. Mbuzi na ng'ombe wasikanyage. Na kahawa isianikwe hapo hata siku moja, hata kama eneo linavutia kwa usafi wake: kahawa iliyoanikwa kwenye udongo inashuka ubora, na maganda yake yataharibu sakafu. Kahawa ina vichanja vyake. Hifadhi magunia mawili ya udongo uliochekechwa mahali pakavu kwa ajili ya kuziba mashimo baada ya masika.

Siku ya kuufungua uwanja, usiwaite vijana peke yao. Pita kwa mzee anayetembelea fimbo, pita kwenye ile nyumba ambayo mtoto wao haendi shule kwa sababu ya ulemavu, uongee na mama yake, umwombe aje naye. Weka kiti mwanzoni mwa uwanja kwa asiyeweza kusimama. Kurusha ukiwa umeketi kunaruhusiwa. Wao ndio warushe mpira wa kwanza.